Kiswahili cha Mama Kwenye Kimeeza

Fundi wa mitambo anapogonga maikrofoni kwa ukucha, nayo ikajibu tu-tu-tu halafu ikatoa mluzi mwembamba kama wa birika lililosahauliwa jikoni, mimi huacha chochote ninachokifanya na kusimama. Wafanyakazi wangu wamezoea. Huambiana, "Mama bosi amesafiri tena," kisha wanasubiri nirudi.

Jumamosi iliyopita nilisafiri hivyo nikiwa mlangoni pa ukumbi wangu hapa Kansanga, Kampala. Nasema ukumbi wangu, na mniruhusu niseme mara ya pili: ukumbi wangu. Niliujenga mimi, binti wa koplo, bila mjomba wa kunishika mkono wala mume wa kuniombea kazi kwa rafiki zake. Stashahada yangu ya usimamizi wa hoteli imetundikwa karibu na mlango, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, mahali ambapo hata anayetafuta choo lazima aipite. Siku hiyo vijana walikuwa wamekodi ukumbi wajadili habari za watu wanaovunjiwa nyumba mabondeni. Fundi akagonga maikrofoni, ikapiga mluzi, nami nikawa na miaka kumi na mmoja, nimevaa gauni la kanisani, nanusa nyama choma na bia iliyomwagika kwenye nyasi, na kiganja cha mama yangu kimelowa jasho ndani ya kiganja changu.

Ngojeni niwaeleze vizuri.

Tuliishi katika kambi ya polisi, ndani ya yunipoti. Kama hujawahi kuiona yunipoti, fikiria ndoo kubwa ya bati iliyofunikwa kifudifudi juu ya sakafu ya saruji, ikakatwa mlango na dirisha moja. Mchana ilikuwa tanuri. Mvua ikinyesha hakuna aliyemsikia mwenzake, tukawa tunaongea kwa mikono. Baba, Mama, mimi na wadogo zangu watatu tuliishi humo, kitenge kikiwa ndiyo ukuta kati ya kitanda chao na mkeka wetu. Na kwa kuwa nyumba yenyewe ilikuwa duara, haikuwa na kona ya kumsimamisha mtoto mtundu. Mama alisema hiyo ndiyo sababu watoto wa kambi hawana adabu.

Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Baba na Mama walikuwa Waacholi, jirani wa kulia Mlugbara, wa kushoto Mnubi, wa nyuma Mteso. Bila Kiswahili tusingeweza hata kugombana bombani. Hiki mnachokisoma sasa nilikinoa Nairobi, chuoni, lakini chuma chenyewe kilitoka kambini.

Jumamosi alasiri kambi nzima ilikuwa na sauti moja. Redio fulani ilirusha kimeeza, mjadala wa hadhara, moja kwa moja kutoka klabu moja yenye bustani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu. Kwa Kiganda kimeeza ni meza kubwa, na kweli palikuwa na meza, ndefu, ya mbao, yenye alama za chupa. Yeyote aliruhusiwa kuja, awe mwanasheria, mshona viatu, mwanafunzi, au mlevi aliyekuwa hapo tangu asubuhi. Uliandika jina kwenye karatasi, ukaitwa, ukataja jina lako na unakotoka, kisha ukapewa dakika tatu za kuisema serikali au kuitetea. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu ambaye watu wote walimwita Spika. Muda ukiisha, aligonga meza kwa kitako cha chupa ya soda, na hakuna aliyekuwa mkubwa mbele ya chupa ile.

Sisi kambini tuliyasikia hayo kama mtu anavyosikia ndoto ya mwenzake. Kila yunipoti ilifungulia redio hiyohiyo, bati likaikuza sauti, ungeweza kutembea toka bombani hadi chooni bila kupoteza neno la msemaji. Wanaume walisikiliza huku wakipiga pasi sare zao. Hawakucheka, hawakuguna. Baba alikuwa na msemo wake: "Polisi ana macho na masikio. Mdomo aliuacha depo." Depo ni chuo alikofunzwa kazi, na kweli, ninapomkumbuka Baba wa siku zile namwona mrefu, mnyamavu, anapiga brashi kiatu chake kwa mwendo mmoja mpole kama anayebembeleza mtoto.

Basi Jumamosi moja Spika akatangaza mada ya wiki iliyofuata. Je, ardhi ya kambi yetu, akaitaja kwa jina, apewe mwekezaji ajenge hoteli na maduka?

Nakumbuka harufu. Mtu fulani, yunipoti ya tatu kutoka kwetu, alisahau pasi juu ya shati. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikapita nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyepiga kelele.

Aliyevunja ukimya alikuwa Mama Zaitun, jirani yetu wa kushoto, mjane wa sajenti. Babu wa babu yake alikuja Uganda na askari Wasudani wa Waingereza, na yeye alihesabu kwamba ukoo wake umekaa kambini kuliko mti wowote uliosimama pale. "Wao naongea juu ya nyumba yetu," alisema, akisuka kikapu chake bila kukitazama, "sisi nasikiliza. Kama kuku nasikia watu napanga pilau."

Mama alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Mimi sikula kiapo," akasema. "Alikula Baba Aber. Mimi nilikula ugali tu."

Aber ni mimi.

Wiki ile wale wanawake wawili walipanga jambo lao kama watu wanaopanga harusi. Kanuni za polisi zilimkataza askari kusema siasa hadharani, na kila mtu kambini alijua kwamba mke akisema, ni mume amesema. Adhabu nayo ilisemwa bombani: uhamisho wa mbali, na yunipoti anapewa mwingine. Kwa hiyo Mama atatumia jina lake la usichana, Lakot. Atasema anatoka Kyebando, anakoishi dada yake, na si uongo sana kwa sababu huko alikuwa akilala mara mojamoja. Akiulizwa ameijuaje kambi, atasema ana ndugu pale. Baba hataambiwa. Jumamosi hiyo alikuwa na zamu ya kulinda benki mjini, atarudi jioni atukute tunachambua mchele.

Kulibaki tatizo moja tu. Pale mezani watu walisema Kiingereza, na Kiganda wakitaka kuchekesha. Mama hakujua Kiingereza, na Kiganda chake kilitosha kununua nyanya. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa wa kwanza darasani. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa akinipeleka darasa la saba niwasomee wakubwa ili waone aibu. Nikitaja hilo sijivuni, ndivyo ilivyokuwa.

"Wewe utasema maneno yangu," Mama aliniambia akinisuka nywele. "Yangu tu. Usiongeze chumvi."

Nikaahidi.

Jumamosi ikafika, tukaenda kwa miguu, jua likiwa laini kama chai ya maziwa. Tulipofika lango la klabu tulikuta mstari wa watu wanakaguliwa mikoba. Kila wiki polisi wawili waliletwa pale. Tukasogea, tukasogea, na mtu aliyekuwa mbele yetu alipoondoka, askari aliyebaki mbele ya Mama alikuwa Baba.

Zamu ilikuwa imebadilishwa asubuhi ile. Hilo tulilijua baadaye. Wakati ule tulijua tu kwamba tumesimama mbele ya Koplo Ojara, bunduki begani, na nyuma yetu watu wanasukuma.

Baba alimtazama Mama. Akanitazama mimi, gauni langu la kanisani, nywele zangu mpya. Naapa kwenu, uso wake haukusogea hata unyusi.

"Mama, fungua mkoba," alisema.

Mama akafungua. Kulikuwa na leso, chapati mbili zilizofungwa kwenye gazeti, na kopo la maji. Baba aliinua chapati moja, ambayo mwenzake aliila yeye mwenyewe asubuhi, akaigeuza kama anayetafuta bomu, akairudisha taratibu.

"Pita, mama."

Tukapita. Nilitaka kucheka na nilitaka kukojoa, vyote kwa pamoja.

Ndani palikuwa kama nilivyopaota, ila padogo zaidi. Turubai la buluu lilifanya nyuso zote ziwe za rangi ya maji. Moshi wa nyama ulikuwa ukielea juu ya vichwa, na meza ile, meza niliyoisikia mamia ya Jumamosi, ilikuwa na mguu mmoja uliowekewa jiwe. Mjadala ulipoanza, Baba na mwenzake waliacha lango wakasimama pembeni, wakiielekea meza, macho kwa wasemaji. Kila mtu alijua wamewekwa pale kutazama nani anasema nini, na kila mtu alijifanya wamekuja kwa ajili ya wezi wa simu.

Alisimama Bwana Kato, mtu wa tai nyekundu ambaye sauti yake kambini tuliijua kama tunavyojua sauti ya mhubiri. Alisema vibanda vile vya bati ni aibu ya mji. Mgeni akishuka hotelini anaona nini? Makopo! Alisema polisi wana mishahara, wapange nyumba kama wengine, na kwamba kule ndani wamejaa mbuzi, watoto na mapipa ya pombe ya kienyeji. Watu walicheka. Mimi pia nilitaka kucheka, maana mbuzi walikuwepo kweli.

Spika akasoma kwenye karatasi: "Lakot, Kyebando."

Mama akaenda. Nikaenda naye. Akashika maikrofoni kwa mikono miwili kama anayeshika kuku asimponyoke.

"Mimi naitwa Lakot," alisema. "Natoka Kyebando. Sijui Kizungu. Nasema Swahili."

Mkiielewa Kampala mtaelewa kilichotokea. Katika mji ule, kwa watu wa umri fulani, Kiswahili kilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Kilikuwa lugha ya "simama" na "lala chini". Mabega ya wazee waliokaa mbele yalishuka yenyewe. Kisha kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Jamani, toeni vitambulisho!" na bustani yote ikapasuka kwa kicheko.

"Afande, usitupige!" akaongeza mwingine.

Mama alisubiri. "Mimi sipigi mtu," alijibu. "Mimi napika chapati."

Wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa kingine. Na mimi, ninapokumbuka sasa, ndipo ninapoona kosa ambalo wanawake wale wawili, na akili zao zote, hawakuliona kwa wiki nzima. Walificha jina, wakaficha mahali. Kambini kule, redio zote zikiwa wazi, neno la kwanza la Kiswahili lilipotoka kwenye kimeeza ambacho hakijawahi kusemewa Kiswahili, kila yunipoti ilijua kwamba mmoja wetu yuko pale. Hakuna mtu wa Kyebando angesimama mbele ya Kampala na kuongea lugha ile kwa hiari yake.

Mama akaendelea, nami nikimfuata kwa Kiingereza. "Yule bwana wa tai nasema bati inaharibu sura ya mji. Ni kweli. Hata mimi sipendi. Lakini mwizi akigonga mlango yako, nani nakimbia kuja? Anatoka kwa bati. Asubuhi narudi kulala kwa bati, jua namchoma, halali. Kesho unamwita tena. Kama mnataka kumtoa, mtoeni. Lakini mseme kwanza atalala wapi, ndiyo mgawe kiwanja."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake. Yangu yalikuwa marefu zaidi. Nilitia chumvi, nilitia na pilipili. Niliposema kwamba ndani ya bati mtu huiva kama mhogo, watu walipiga meza, na makofi yale yakanipanda kichwani kama soda ya kwanza. Nilihisi naelea juu ya nyasi. Nilikuwa bado sijashuka Spika alipouliza, kwa upole wa mwalimu, "Nyabo, mama wa Kyebando, haya ya kambini umeyajuaje?"

Mama alijua jibu. Nina ndugu pale. Alivuta pumzi alitoe.

Mimi sikumngoja. Nilijibu mwenyewe, kwa Kiingereza changu kizuri, sauti yangu ikitoka kwenye vipaza sauti vyote viwili na kwenye redio zote za mji: "Kwa sababu baba yangu ni polisi. Yule pale. Yule nadhifu."

Nikanyoosha kidole.

Vichwa vyote viligeuka. Yule kijana wa nyuma akaanza, "Afande aseme! Afande aseme!" na wengine wakaitikia wakipiga chupa kwa funguo. Bwana Kato mwenyewe alikuwa anapiga makofi. Walikuwa wanafurahi tu, hawakuwa na ubaya. Mtu akavuta waya wa maikrofoni kumwelekea Baba.

Baba alisimama vilevile, macho kwetu, kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko ibada. Mwenzake alikuwa ameshatoa kidaftari na kalamu. Kisha Baba akabana visigino, akageuka nyuma kama gwarideni, akasimama akiielekea barabara. Tukabaki tunautazama mgongo wake.

Chupa ya Spika ikagonga meza. Dakika tatu zilikuwa zimeisha.

Barua ilikuja Jumanne. Baba alihamishiwa kituo kidogo huko Karamoja, na sisi tulipewa wiki mbili kuiacha yunipoti. Kambi yenyewe haikuuzwa mwaka ule, wala uliofuata. Sijui kama ni kwa sababu ya Mama, ila najua akina mama wa kambi walituletea sufuria, sabuni na jogoo mzima, kama watu waliokuja msibani. Mama Zaitun alitupatia chumba kwa kaka yake, mtaa wa Kisenyi, nyuma ya gereji, ambako tuliamka kwa adhana na kulala kwa nyundo. Mama hakunipiga. Alisema mara moja tu, akifunga kitenge chetu cha ukuta, "Nilikwambia maneno yangu tu."

Na Baba, siku ya kupanda lori, aliniwekea mkono kichwani. "Kiingereza chako kizuri," alisema. Akapanda.

Nilimchukia kwa neno lile. Nilidhani ananikejeli. Zaidi nilimchukia kwa mgongo ule. Mke wake alikuwa amesimama peke yake mbele ya mji mzima, mtoto wake amemtaja kwa fahari, naye akatugeuzia kisogo kama mtu asiyetujua. Hasira ile, nawaambia ukweli, ilinisomesha. Niliapa kuwa mtu ambaye hakuna barua itakayomhamisha. Niliuza chapati, nikafua shuka za wageni Nairobi huku nikisoma jioni, nikapata stashahada yangu, nikaenda Doha, nikapanda kutoka msafisha vyumba hadi msimamizi wa ghorofa nne. Kila mahali nilisimulia kisa cha Jumamosi ile, na kila mahali shujaa alikuwa msichana wa gauni la kanisani. Baba alikuwa mstari mmoja tu katikati: akatugeuzia mgongo.

Miaka ikapita. Siku moja hotelini Doha tulikuwa tunajiandaa kumpokea mgeni mkubwa, na mkuu wa walinzi, mzee wa Kinepali aliyewahi kuwa askari, alikuwa anawafundisha vijana wapya kwenye ukumbi wa mapokezi. Mmoja alisimama akimwelekea mgeni wa kuigiza, akimkodolea macho. Yule mzee akamshika mabega, akamgeuza.

"Ukimtazama, unamchunga asifanye kitu," alimwambia. "Ukimpa mgongo, unamlinda asifanywe kitu. Wewe umetumwa kufanya nini?"

Nilikuwa nimebeba maua. Niliyaweka chini, nikakaa juu ya sakafu ya marumaru na sare yangu safi, mimi, msimamizi wa ghorofa nne.

Nilimpigia Baba simu palepale. Alikuwa amestaafu, anafuga mbuzi nje ya Gulu. Nilimuuliza, baada ya miaka yote ile, ni kwa nini hasa alihamishwa. Nilitaka aseme ni mdomo wangu, nimwombe msamaha, niwe nimemaliza.

"Si wewe," alisema. "Mke akisema, wananikemea, naomba radhi, inaisha. Barua ilisema kwamba niliamriwa kumtazama msemaji, nikaacha."

"Sasa kwa nini uligeuka, Baba?"

Simu ilileta upepo, na mbuzi mmoja akilalamika kwa mbali.

"Watu walikuwa wengi, wamekunywa, na wengine walikuwa bado wanaingia kutoka barabarani," alisema. "Na yule alikuwa mama yako. Nimtazame kama mshukiwa?"

Kisha akaniuliza kama huko Uarabuni mvua hunyesha. Nikamwambia hainyeshi.

"Pole," alisema Baba, nami nikalia kwa sauti mbele ya wageni.